Kioo Chenye Upele

Binti yangu Qali alipoposwa, vitu vyote vya nyumba yake vilipatikana upesi ila kioo. Kitanda kilipatikana. Mazulia yalipatikana, na mito ya kuegemea, na birika za chai kubwa ambazo hakuna mtu mwenye akili atakayezijaza. Kikabaki kioo, na kioo kiliniangukia mimi, mwanamume, kwa sababu mama yake hayupo.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Huko malishoni mume hana hata kigingi kimoja cha kwake. Mama wa bibi harusi na dada zake ndio wanaopinda fito, wanaosuka mikeka, wanaoisimamisha nyumba na kumwingiza binti yao ndani. Siku hizi tunakaa Garissa kwenye nyumba za matofali, lakini mawazo ya watu bado yanakaa kwenye fito: vya ndani vinatoka kwa mama wa binti. Na kabla ya harusi, mama wa kijana huja na wenzake kutazama. Wanaketi, wanakunywa chai, wanatazama kuta. Wakiona pengo hawasemi neno. Wanasema wakishafika kwao. Wanasema, "Maskini, ameolewa kama yatima." Neno hilo likishatoka, mwanamke huzeeka nalo.

Hilo ndilo nililoliogopa. Sikuogopa kingine. Mengine yote serikali ilikuwa imeshanifanyia.

Mama yake Qali aliitwa Ramlo, mtu wa Buna, binti wa dalali wa ngamia. Nilipomwoa nilimpa kioo. Kilikuwa kioo cha pembeni cha lori, na lori lenyewe lilipinduka kwa sababu ya barabara. Kila mkubwa aliyepita kule aliitia lami barabara ile kwa mdomo, akapiga picha, akaenda zake. Lori likalala ubavu, sukari ikaliwa, mimi nikapata kioo. Kina upana wa viganja viwili. Ramlo alikifunga kwenye ufito wa nyumba yetu akawa anajitazama kidogo kidogo. "Leo nimeona uso," alikuwa akiniambia. "Shingo nitaiona kesho, inshallah." Mpaka leo ninacho. Ninanyolea ndevu.

Mara moja tu maishani mwake Ramlo alijiona mzima. Alikuwa msichana, amepeleka maziwa kwenye nyumba ya ofisa mmoja mjini Wajir, zile nyumba walizoziacha Wazungu. Mlango ulikuwa wazi. Akaona ndani mwanamke amesimama na kibuyu cha maziwa. Akamsalimia. Yule mwanamke hakujibu. Ramlo akasema moyoni, huyu ni mke wa ofisa, ana kiburi kama wenzake. Akamsalimia tena, safari hii kwa ukali, ndipo akaona yule naye amekasirika. Kilikuwa kioo kirefu kuliko mtu, juu kina tao kama dirisha la msikiti, na pembeni kina madoa meusi kama nyota. Qali aliinyonya hadithi hiyo pamoja na maziwa, na Ramlo aliimaliza vilevile kila mara: "Wewe ukiolewa, utakuwa na kioo cha kukuonyesha mzima, kama kile."

Halafu akaugua, akiwa kwa dada yake huko kaskazini. Gari la wagonjwa lilikuwepo; lilikuwa limezinduliwa mara mbili, kwa utepe na ngoma. Dereva alikuwepo, mafuta hayakuwepo. Mafuta yalipokuja, dereva hakuwepo. Vyote viwili vilipopatikana, mgonjwa hakuwepo. Nilikwenda ofisini kuuliza. Nikaambiwa nikae. Nikakaa. Kiti kilikuwa kizuri.

Basi Qali alipoanza kunieleza habari za kioo, nilijua inakotoka.

"Aabo, sitaki kipya," aliniambia. Aabo ni baba kwa lugha yetu. "Vipya ni vyembamba, mlango ukifungwa vinatetemeka na sura yako inatetemeka navyo. Nataka cha zamani. Kama kile cha hooyo."

Hooyo ni mama. Mtu akishalitaja neno hilo, ubishi umekwisha.

"Cha zamani kinauzwa wapi?" nikauliza. "Mimi nimezeeka hapa na hakuna aliyekuja kuninunua."

"Kuna mtu anaitwa Koome."

Koome ni mtu wa Meru. Alikuja Garissa kuuza viti vya plastiki, akagundua kwamba maofisa wakihamishwa huacha vitu vyao, na kwamba maofisa wapya huvinunua vitu vilevile wakiambiwa ni vya kale. Siku hizi anakwenda mpaka Nanyuki kwenye mashamba ya Wazungu wanaohama, na kwenye minada ya nyumba kuukuu za serikali. Duka lake liko nyuma ya soko la Suq Mugdi. Tulikwenda Jumatano asubuhi. Mama wa kijana, Muslimo, alikuwa anakuja Alhamisi. Msiniulize kwa nini tulichelewa. Mtu hawezi kutafuta kioo katika mji ambao umeme unakatika kila anapoanza kutazama.

Sasa, mimi ni dalali. Nimekaa soko la mifugo tangu mvi zangu zikiwa nyeusi. Na pale sokoni tuna adabu yetu. Mnyama unayemtaka humtazami. Ukimtazama, umeshamnunua kwa bei ya mwenyewe. Unamtazama mwingine, unamsifu huyo mwingine mpaka povu linakutoka, na yule unayemtaka unamtukana: amekonda, ana upele, mama yake aliiba chumvi. Mwenye mnyama naye anaelewa. Akisikia ng'ombe wake ametukanwa vizuri, anaanza kufungua kamba. Halafu mnapeana mikono chini ya shali, vidole vinazungumza bei, mambo yanakwisha. Hakuna aliyedanganywa. Ni adabu tu, kama kubisha hodi.

Hata nyumbani nilikuwa hivyo. Asubuhi ya harusi yetu Ramlo alitoka amevaa, amepakwa hina, amefukizwa udi, nikamwambia, "Umekonda kama ngamia wa kiangazi." Alicheka siku nzima. Binti wa dalali, alielewa.

Kwa hiyo pale mlangoni kwa Koome nilimshika Qali mkono. "Ukikiona unachokitaka, kitazame mara moja. Halafu usikitazame tena."

"Aabo, hapa ni duka."

"Ni soko lenye paa."

Ndani kulikuwa na vioo vingi kiasi kwamba nilijiona nikiingia kutoka pande saba, na pande zote nilikuwa mzee. Koome alitupokea kwa heshima. Ni kijana mnene, mpole, mwenye kitambaa cha kufutia begani muda wote.

"Karibu mzee. Karibu dada. Kioo cha wapi, sebuleni au chumbani?"

"Chumbani," Qali akasema. "Kirefu. Cha zamani kweli."

"Hii ni ngapi?" nikauliza, nikionyesha kimoja cha duara chenye miale pande zote, kama mtu aliyeshikwa na umeme.

"Hicho ni cha mapambo tu mzee, kinakaa juu ya kochi. Ukijitazama unaona pua." Akavuta kingine, chenye fremu nyeupe iliyochubuka. "Na hiki sitakudanganya. Kinaonekana cha zamani lakini ni cha juzi, Nairobi. Wamekipaka rangi, wakakikwangua kwa msasa, wakakipaka maji ya chai."

"Kwa nini?"

"Kizeeke. Wateja wanapenda."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Kwetu sokoni kuna watu wanaopiga tupa meno ya ngamia mzee ili aonekane kijana, nao tunawafukuza. Sijawahi kumwona mtu anayemzeesha kijana. Lakini nchi ikiwa na wakubwa kama wetu, hata vioo havitaki kuonekana vimezaliwa juzi.

Koome akatuonyesha namna ya kukijua cha kweli. Alimwambia Qali aguse kioo kwa ncha ya ukucha, atazame nafasi kati ya ukucha wake na ule wa ndani. Kioo kinene cha zamani kinaacha nafasi kubwa, kucha mbili hazikutani. Akasema cha kweli kina rangi ya maji ya kisima, si cheupe kama bati, na ukisogeza kichwa sura inapinda kidogo, kama inafikiri. "Na ukitaka kumjua, mgeuze," akasema. "Mgongo ukiwa mbao nzito, misumari ya kale, huyo ni wa kweli. Ukiwa na plaiwudi, huyo ni mjukuu."

Hapo nilianza kumheshimu. Na sisi tunaanzia nyuma.

Ndipo hatua za Qali zikakoma. Nilijua kabla sijageuka. Kilikuwa kimeegemezwa kwenye kona, nyuma ya kabati la vyombo: kirefu kuliko mtu, mbao nyeusi nzito, tao juu kama dirisha la msikiti. Na pembeni madoa. Koome alisema kilitoka kwenye mnada wa nyumba za serikali, hajui mji gani. Sitasema kilikuwa kile cha Wajir. Vioo vya serikali vinafanana, na hakuna kinachomkumbuka mtu. Lakini Qali alisimama mbele yake na buibui lake, akaweka ukucha juu ya kioo, na kucha mbili hazikukutana.

"Aabo, ni hi..."

Nikakohoa. Nikakohoa tena, nikakigeuzia kioo kile mgongo, nikatafuta cha kusifu. Jicho langu likaangukia kimoja cha dhahabu kikubwa kama mlango wa benki. Fremu yake ilikuwa imejaa maua, majani, zabibu, na juu kabisa watoto wawili wanene, uchi kama walivyozaliwa, wana mabawa.

"Hiki!" nikasema. "Hiki ndicho kioo! Na hawa ni nani?"

"Malaika, mzee."

"Malaika gani hana suruali?"

"Ni wa Kitaliano."

"Wamekula vizuri. Nyumba yenye watoto kama hawa haikosi baraka. Tazama afya! Tazama mapaja! Koome, wewe una mali kama hii na unalala usingizi?"

"Aabo," Qali akasema polepole.

"Nyamaza, mama. Baba yako anatazama kioo."

Koome alikuwa anatabasamu kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mfanyabiashara. "Na kile pale, mzee? Dada alikuwa anakitazama."

"Kile?" Nikakitupia jicho kama mtu anayetazama mbwa amekufa. "Kile kina upele. Ona shingoni. Ona hapa kwapani. Hata nikipewa bure sikiingizi nyumbani, kitaambukiza kabati."

Koome akakitazama kwa huzuni, akakifuta kwa kitambaa chake. Madoa hayakutoka. "Ni kweli madoa yamezidi," akasema.

"Tutarudi baada ya Alasiri," nikamwambia, na tukatoka. Hiyo nayo ni adabu. Mnunuzi anakwenda zake, mwenye mali anachemka kidogo. Mtu yeyote wa soko letu, akisikia matusi yale, angekifunika kile kioo kwa gunia na kukikalia juu mpaka nirudi.

Tuliporudi, kwenye ile kona kulikuwa na vumbi lenye alama ya miguu ya fremu.

"Mzee!" Koome akasema. "Nimekuondolea ile takataka."

"Takataka gani?"

"Kile chenye upele. Amekuja kijana mmoja wa ofisi ya serikali, Abdilatif, anatafuta vitu vya jumba lao jipya la wageni. Nikamwambia ukweli, kwamba kuna mzee mtaalamu amekikataa. Akasema hajali, Bwana Mkubwa ameagiza kitu cha zamani chenye heshima. Wamekibeba. Na chako nimeshakituma."

"Changu kipi?"

"Cha malaika! Kiko njiani na mkokoteni. Dada aliniachia namba ya nyumba. Malipo utaleta ukipata nafasi, nakuamini."

"Koome. Mimi nilisema nakitaka kile cha malaika?"

Alinitazama kwa macho safi kabisa. "Mzee, ulikisifu mpaka mimi nikaona nisikiuze."

Sikumlaumu. Kwao Meru mtu akisema kitu ni kizuri, anamaanisha ni kizuri, ndivyo walivyolelewa. Lawama ni ya wanaompa mtu leseni ya biashara katika mji huu bila kumfundisha kusikia. Na ni ya hao hao wakubwa, ambao hawakutosheka na barabara, mafuta na dereva, sasa wamekuja kuchukua na kioo cha binti yangu.

Tulikikuta cha dhahabu kimeshafika mtaa wa Iftin, kwenye nyumba aliyopangishiwa Qali. Hakikuingia chumbani. Kilisimama sebuleni, na sebule yote ikawa ndogo. Kiliyaonyesha mazulia, mito, birika, na kila kitu kilionekana kimeibiwa.

Qali hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alivua mtandio wake akamfunika mtoto mmoja, akabaki mmoja anatucheka.

"Ulinisikia niliposema ni hicho," akasema.

"Nilikusikia. Ndiyo maana nilikitukana."

"Koome si dalali, aabo."

"Sasa najua."

"Muslimo akija kesho atasema nini?"

"Hatasema kitu."

"Ndicho ninachokiogopa." Akaketi kwenye mto. "Hooyo angekuwepo..." akasema, akaacha hapo. Na mimi nikaona neno lile la yatima limeshaingia ndani ya nyumba kabla ya Muslimo, limekaa kwenye zulia, linasubiri chai.

Nikatoka nje. Mwenye mkokoteni, Kioko, alikuwa bado kivulini anafuta jasho. Nikamwambia tunakipakia tena.

"Hawa watoto wazito, mzee," akasema. "Niliwaleta, sasa nawarudisha. Wana wazazi wao?"

"Twende jumba la wageni la wakubwa. Huko ndiko kwao."

Njia nzima watu walisimama. Jua la Garissa lilipiga kile kioo likaruka juu ya maduka, na mwanamke mmoja aliyeuza miraa akatulaani kwa Kisomali na Kiswahili, asije akakosea kabila. Langoni mlinzi aliniambia nikae. Nikakaa. Kukaa nakujua.

Abdilatif alitoka akitembea upesi, viatu vyake vimechongoka kama midomo ya ndege. Ni msaidizi wa Bwana Mkubwa, lakini mimi namjua kabla ya viatu. Baba yake ni mtu wa Lafey, alikuwa akileta ng'ombe sokoni kwetu, na huyu alikulia zizini, akilala juu ya magunia wakati sisi tukishikana vidole chini ya shali.

"Adeer Bishar!" akasema. Adeer ni baba mdogo, ndivyo kijana wetu anavyomwita mzee. "Kheri?"

"Kheri."

Nyuma yake, ndani ya ukumbi, nilikiona. Kilikuwa hakijatundikwa bado. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani pamoja na mapipa ya rangi, na fundi alikuwa ametundika koti lake kwenye tao.

Nilikuwa nimechoka. Tangu asubuhi nimesifu uongo na nimetukana ukweli, na mwishowe nimepata malaika wawili. Nikaamua kusema mambo kama Mmeru.

"Abdilatif, nisikilize. Kile kioo kilichoko ndani nakitaka. Kinatakiwa na binti yangu, anaolewa. Mama yake, Mungu amrehemu, alimwahidi kioo kama kile. Na hiki nilichokuja nacho ni kibaya. Si mbao, ni jipsamu iliyopakwa rangi. Watoto wako uchi. Huyu wa kushoto ana ufa makalioni. Sikitaki. Nipe kile, baki na hiki, ukitaka ukitupe."

Abdilatif alikizunguka cha dhahabu polepole, mikono nyuma. Kile cha ndani hakukitazama hata mara moja. Nikaona tabasamu linamjia, lile lile la baba yake.

"Adeer. Unakitukana hiki?"

"Nakitukana kwa sababu ni kibaya."

"Na kile chenye upele unakisifu."

"Ni kizuri."

"Koome ameniambia asubuhi ulisema kile kitaambukiza kabati."

"Asubuhi nilikuwa dalali. Sasa nasema kweli."

Akacheka mpaka mlinzi naye akacheka bila kujua sababu. "Adeer, mimi umenilea wewe. Baba akisema ng'ombe fulani ana upele, mimi nilikuwa nakwenda kutafuta kamba."

"Abdilatif, ufa ule pale. Tia kidole."

"Sitii kidole. Kinapelekwa kwa nani?"

"Hakipelekwi kwa mtu."

"Umekipitisha mbele ya lango langu, katikati ya mji, kila mtu akione, halafu hakipelekwi kwa mtu. Ni naibu, siyo? Naibu anajenga sebule."

"Simjui naibu."

"Umekana haraka sana." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Apa basi."

"Mimi siapi kwa ajili ya kioo."

"Ahaa," akasema.

"Ni ahadi ya marehemu," nikamwambia. "Ramlo. Ulikula kwake."

"Adeer, tafadhali. Marehemu akishaingia kwenye biashara, najua mnyama ni wa thamani."

Hilo lilinichoma. Lingenichoma zaidi, lakini alikuwa ameshawaita vijana wawashushe malaika, na wengine wawili walikuwa wanalitoa koti la fundi kwenye tao langu.

"Hiki kinabaki hapa," Abdilatif akasema. "Bwana Mkubwa hawezi kuwa na kioo chenye madoa halafu naibu wake ana dhahabu. Wewe chukua kile, umesema mwenyewe ni kizuri."

"Utajuta."

"Nimekusikia, adeer. Unatukana vizuri bado. Umri haujakuharibu."

Siku hiyo nilisema ukweli mtupu mbele ya ofisi ya serikali, na haukuaminiwa hata neno moja. Sikushangaa. Mahali pale hawajauzoea.

Kioko alikifunga kioo kwa kamba na kukilaza juu ya godoro kuukuu. Nilitembea kando yake njia nzima nimeweka mkono juu ya mbao. Qali alifungua mlango akatutazama. Akaenda kuleta maji ya kukifutia, na alipokuwa anakifuta, madoa hayakutoka, naye hakuyalazimisha. Tukakiweka chumbani, si upande wa kibla, si upande wa jua la jioni. Hiyo ya jua alitufundisha Koome. Kibla tulikijua wenyewe.

Alhamisi Muslimo akaja na wanawake wenzake, wamejifunga mitandio, wananukia udi kutoka mtaa wa pili. Mume wake marehemu alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, na yeye mwenyewe ana duka la vitambaa; huwezi kumuuzia hata salamu bila kuigeuza atazame nyuma yake. Mimi nilikaa barazani, maana mwanamume hana kazi mle. Nilisikia vikombe. Nilisikia milango ya makabati. Nilisikia wakiingia chumbani.

Muslimo akatoka peke yake. Akasimama mlangoni.

"Bishar."

"Muslimo."

"Kile kioo kina madoa."

"Kina madoa."

"Na mbao zake chini zimeliwa na mchwa."

"Zimeliwa."

"Halafu kinamwonyesha mtu mpaka miguu. Nimeona visigino vyangu. Nani aliomba kuona visigino vyake?"

"Hakuna aliyeomba."

Akatazama barabarani, kana kwamba kioo hakimhusu tena. "Kilikuwa cha serikali?"

"Kilikuwa."

"Inaonekana. Kimezeeka bila kufanya kazi."

Moyo wangu ulianza kutulia. Mtu asiyetaka mnyama hapotezi matusi mazuri kama hayo. Lakini adabu ni adabu, kwa hiyo nikainuka nikasema, "Basi nikirudishe nilikokitoa."

"Ukirudishe wapi?" Aligeuka upesi mpaka bangili zikalia. "Kimeshaingia. Kaa chini. Tutakivumilia." Akashika mlango, akasita. "Na kile chombo chenu cha sukari cha bluu ni kizuri sana," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake nilikibadilisha kile chombo cha sukari. Neno la yatima halikusemwa, si kwetu wala kwao. Ningelisikia, mji huu haufichi. Nilichosikia ni kwamba jumba la wageni lilifunguliwa, masheikh wakaalikwa, na ile asubuhi ya ufunguzi Abdilatif alihangaika sana kuwafunika malaika. Mwishowe aliwafunga kwa bendera ya taifa. Bwana Mkubwa alihutubia mbele yao. Aliahidi barabara.

Wanawake walipokuwa wanajiandaa kuondoka siku ile ya Alhamisi, Qali aliniita chumbani. Walikuwa wamemjaribishia nguo za harusi. Alisimama mbele ya kioo, na mle ndani alikuwa mzima, kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu, madoa yamemzunguka pembeni. Nyuma yake kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia. Sikumsalimia.

"Aabo," akasema. "Vipi?"

Nilimtazama. Nikaangalia pembeni, kwenye birika, kwenye pazia, mahali popote.

"Umekonda kama ngamia wa kiangazi," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika mbao za kile kioo, na bado alikuwa anacheka waliponiambia nitoke, wanataka kumvua zile nguo.